Ukiitwa, Usiitike

Kwanza niwajibu wale mnaonitumia ujumbe kupitia gazeti mkiuliza kwa nini simwachi huyu mwanamume. Nawashukuru kwa kunihurumia. Lakini mume si shati la mteja, useme doa likikushinda unalirudisha kaunta na kuomba radhi.

Kwa aliyechelewa kuanza: mimi ni dobi. Wateja huniita Mama Pasi. Mume wangu ndiye anayeshughulika na mashine, umeme na mambo ya ofisini. Siku moja akajiunga na darasa la bwana mmoja aitwaye Profesa, na huko akafundishwa kwamba hakuna sheria inayomlazimisha mwananchi kulipa kodi ya mapato. Akaacha kulipa. Akaonywa, akacheka. Wiki iliyopita niliwaacha pale mlango wa duka letu la dobi ulipofunguliwa na afisa wa kodi akaingia, mkono mmoja ameshika hati ya kuitwa mahakamani, mwingine ameshika blauzi zake chafu.

Wengi mmeuliza blauzi zilihusu nini. Zilihusu kufuliwa.

Yule dada ni mteja wangu tangu nilipokuwa napiga pasi ya mkaa barazani. Tunamwita Bi Ukosi, kwa sababu kwenye blauzi hajali kitu kingine ila ukosi. Ukosi usiposimama wima, unarudia kazi.

"Mama Pasi, hizi nitazifuata Ijumaa," akasema, akaziweka kaunta. "Na hii ni ya mumeo." Akaiweka ile hati juu ya blauzi.

Mume wangu alikuwa nyuma, amepiga goti mbele ya mashine kubwa, anabadilisha mpira wa mlango. Bi Ukosi akamwita jina lake.

Hakugeuka.

Akamwita tena, kwa sauti kubwa zaidi. Mume wangu akaendelea kukaza skrubu, kana kwamba anayeitwa anaishi mtaa wa pili.

"Masikio yake ni mazima," nikamwambia Bi Ukosi. "Ndivyo wanavyofundishwa."

Ngoja niwaeleze hilo darasa, maana niliwahi kwenda kuchungulia. Liko ghorofani, juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Wanafunzi, watu wazima wenye ndevu na wajukuu, wanapangwa mstari wakitazama ukuta. Profesa anapita nyuma ya migongo yao akiwa amevaa viatu vya soli laini, usisikie yuko wapi. Anawaita majina yao. Mara anaita kwa ukali, mara kwa mahaba, mara kama mtu anayezama na anataka msaada. Anayegeuza shingo anaanza upya.

Kwa mafundisho yake, kodi ni makubaliano, na mtu huyakubali pale anapoitika jina lake mbele ya mtumishi wa serikali. Usipoitika, hujakubali. Kama hujakubali, hudaiwi. Watu wanatoa ada kusikia maneno hayo, na wanarudi kuyasikia tena.

Mume wangu ndiye aliyekuwa hodari kuliko wote. Profesa alisema hajapata kuona shingo kama ile. Siku hiyo alirudi nyumbani kifua mbele, utadhani amevishwa joho la chuo.

Mama mkwe wangu, ambaye tunaishi naye, alidhani mwanawe anakuwa kiziwi. Akamkokota hadi hospitali. Daktari akatoka mlangoni, akamwita jina lake mara kadhaa, mgonjwa amekaa hatua chache mbele yake, kimya. Daktari akampa mama pole na kusema hali ni mbaya.

Tulicheka sana siku ile. Wakati huo bado tulikuwa tunacheka.

Sasa Bi Ukosi akaizunguka kaunta, akaenda kusimama mbele ya mume wangu mpaka viatu vyake vikagusa bisibisi.

"Sikuiti jina, basi," akasema. "Nazungumza na wewe, mwenye bisibisi. Kwa nini hulipi?"

Hapo mume wangu akainua macho. Kuzungumza kunaruhusiwa. Kuitika ndiko kunakokatazwa.

"Nionyeshe sheria," akasema.

"Sheria ya kodi ya mapato ipo. Bunge limeipitisha. Inauzwa dukani, nenda kanunue."

"Hiyo ni ya kwenu. Mimi sijaweka saini popote."

"Na sheria ya wizi uliiweka saini wapi? Mtu akiingia hapa akabeba mashine yako, utamwacha aende kwa kuwa hakusaini?"

Nikaona midomo ya mume wangu ikicheza, kama mwanafunzi aliyesahau ukurasa.

"Mashine ni mali yangu," akasema mwishowe. "Na mapato yangu pia ni mali yangu."

"Kaka, sikiliza. Mwenye mapato anadaiwa kodi, akipenda asipende. Unaweza kubishana kiwango. Unaweza kukata rufaa. Unaweza kuomba muda. Lakini kusema haikuhusu, hilo halipo. Halipo hapa, na sijasikia mahali lilipo."

"Profesa amesema utasema hivyo."

Bi Ukosi akanitazama. Nikatazama sakafu. Aibu ilinishika, nawaambia ukweli, kama vile mimi ndiye niliyesema.

Akanivuta nje, penye kamba za kuanikia.

"Sikiliza vizuri, Mama Pasi. Jumanne mahakamani akiitwa, asimame aseme 'nipo'. Neno moja. Kisha aombe kulipa kidogo kidogo. Hakimu yule anasikiliza watu. Lakini mtu anayekaa ndani ya mahakama, anaitwa, anamtazama karani na kunyamaza, huyo anaidharau mahakama. Hatarudi nyumbani."

"Watamfunga?"

"Watamfunga. Na mimi ndiye nitakayesimama upande wa serikali. Nitafanya kazi yangu, dada. Usije ukanichukia."

"Blauzi zako nitazifua vilevile."

"Ukosi," akasema, akaenda zake.

Siku ya Jumapili hatufungui. Nilimkuta mume wangu kwenye chumba cha kupigia pasi, ameinamia boila, anasikiliza mvuke unavyopita. Nikamwekea kiti, nikaketi mbele yake. Nikamwambia alichosema Bi Ukosi, lote, bila kupunguza. Nikamwambia nina hofu. Nikamwambia siwezi kufikiria kuamka ndani ya nyumba ambayo yeye hayumo.

Akaipa boila mgongo. Kisha akasema jambo ambalo hajawahi kunieleza.

"Mke wangu, mimi maisha yangu yote ni mtu wa kuitwa. Nikiwa mdogo, njoo chota maji. Shuleni, njoo ubaoni. Hapa, fundi njoo, mashine imegoma. Nikiitwa, naenda. Pale ukutani ndipo mara ya kwanza nimeitwa nikabaki nimesimama. Hujui raha yake."

Nikashindwa kumgombeza. Miaka yote hiyo nami nilikuwa mmojawapo wa wanaomwita.

"Jumanne tu," nikamwambia. "Itika Jumanne tu, kisha usiitike tena mpaka kiyama. Hata nikikuitia chakula, nitakuja kukugusa bega."

Akacheka. Nilikuwa nimeusahau ule mcheko.

"Nitaitika," akasema. "Kwa ajili yako."

Nikainuka nikampigia pasi shati lake jeupe la mahakamani. Nilidhani yameisha.

Jumatatu nikaenda ofisi ya kodi. Nilitaka kumuuliza Bi Ukosi kama kuna kitu mume wangu anapaswa kwenda nacho kesho yake. Nikaambiwa ningoje ukumbini, kwenye vile viti vya plastiki vilivyoungwa pamoja, ambavyo jirani akijikuna nawe unatikisika.

Karani wa dirishani akaita jina la mtu. Jina geni kabisa kwangu.

"Nipo!" akajibu bwana mmoja mstari wa mbele, haraka kama mtoto wa shule, akainuka.

Nililijua koti kabla sijaujua uso. Koti la kijivu. Nililipiga pasi mwenyewe Jumamosi, mwenye koti akiwa amesisitiza kwamba analihitaji Jumatatu bila kukosa.

"Karibu, mzee wetu," karani akamwambia akicheka. "Kila mwaka wewe ndiye wa kwanza. Laiti wote wangekuwa hivi!"

"Wajibu ni wajibu, mwanangu," akajibu Profesa.

Sikungoja Bi Ukosi tena. Nikamsubiri yule bwana kwenye ngazi, na alipotoka nikamziba njia.

Hakushtuka hata kidogo.

"Mama Pasi! Koti limetoka safi sana."

"Unalipa kodi," nikasema.

"Nalipa."

"Kodi ya mapato!"

"Kwa wakati wake. Hata ada za darasa nazitaja, za mumeo zikiwemo. Sitaki matatizo na watu hawa."

"Na wale unaowasimamisha ukutani?"

"Nawapa wanachokuja kukitafuta. Mteja akikuletea shati jeupe akataka liwe jeupe zaidi, unabishana naye?"

"Kwa hiyo unajua. Unajua sheria ipo, inawahusu, na unajua watafungwa."

"Mama, mimi naogopa jela," akasema kwa upole, kama daktari. "Kama wewe tu. Mumeo haogopi. Mtu wa namna hiyo ni adimu. Kila mtu darasani anangoja kuona yatakayompata kesho. Akishinda, watakuja wengi. Akifungwa, watakuja wengi zaidi, kuja kumwombea."

Nilitaka kumzaba kofi. Mkono ulikataa kuinuka.

"Basi njoo umwambie," nikasema. Nilikuwa nimeanza kumsihi, na nilijichukia kwa hilo. "Njoo sasa hivi, umwambie kama ulivyoniambia mimi."

Akafunga vifungo vya koti, taratibu, kuanzia chini.

"Mwambie wewe. Nenda, mwambie umeniona hapa." Akatabasamu. "Nakuombea akuamini."

Lile tabasamu sikulielewa. Nililielewa nilipofika nyumbani.

Mume wangu alikuwa kaunta, anabana namba kwenye nguo zilizofika asubuhi. Nikamwaga kila kitu, nikihema. Ukumbi. Karani. "Nipo." Ngazi. Nilitarajia atapiga ukelele, au atapiga meza, au atanibishia.

Alinitazama kwa huruma.

"Alikuwa amevaa nini?" akauliza.

"Koti la kijivu."

Akafumba macho. "Alisema utasema la kijivu."

"Nani alisema?"

"Profesa. Juzi, darasani. Alituambia kabla ya siku ya mahakama mke wangu atakuja mbio, atasema amemwona ofisi ya kodi akilipa, amevaa koti la kijivu. Alisema nisimkasirikie. Alisema wake zetu hawana ubaya, wametishwa, wanapewa maneno ya kusema."

Nikakaa juu ya kapu la nguo chafu.

"Mimi ndiye niliyelipiga pasi hilo koti!" nikasema. "Alinipa Jumamosi makusudi! Huoni?"

"Naona umechoka."

"Ulinipa ahadi."

"Nilimpa ahadi mke wangu." Akachukua pini nyingine, akaibana kwenye suruali ya mtu. "Sasa sijui anayezungumza ni yeye, au ni wao."

Nilimwita. Nilimwita jina lake, pale pale, kwa sauti ya chini, jinsi nilivyokuwa nikimwita tulipokuwa wachumba. Hakugeuza shingo. Alibana nguo mpaka zikaisha.

Nilifikiri kumfungia ndani asiende kabisa. Lakini kutokwenda nako ni kukamatwa. Nikapiga moyo konde, nikajiambia: akishakaa pale, akimwona hakimu, akiona wale askari, akili itamrudia.

Jumanne tukaondoka watatu. Mama mkwe alikataa katakata kubaki. Alivaa gauni lake la harusini, akabeba pochi isiyo na kitu.

"Mwanangu hasikii," akasema. "Lazima awepo mtu wa kumtafsiria."

Shati la mume wangu lilikuwa jeupe kuliko kuta za mahakama. Tukakaa benchi la tatu. Nikageuka nyuma kidogo, nikaona wanafunzi wa darasa wamejipanga benchi la mwisho, wameshikana mikono magotini. Katikati yao, koti la kijivu.

Bi Ukosi alikuwa mbele, upande wa serikali. Hakunitazama.

Tukaambiwa tusimame. Hakimu akaingia. Nilimtambua kwa joho, maana lile joho huletwa kwangu na msaidizi wake, na ile mikunjo ya begani ni mkono wangu. Nikajipa moyo kwa jambo dogo kama hilo. Mtu akiwa anazama hushika chochote.

Yakaitwa mashauri mawili ya watu wengine, yakaisha. Kisha karani akashika faili jingine, akaliita jina la mume wangu.

Nilimtazama. Mikono yake ilikuwa juu ya magoti, imetulia. Macho yake yalikuwa ukutani, juu ya kichwa cha hakimu, penye doa la unyevu.

"Itika," nikamnong'oneza. "Baba, itika. Neno moja tu."

Karani akaita mara ya pili.

Mshipa wa shingo ukamcheza. Niliuona! Nikasema moyoni, anaitika, anaitika huyu. Nyuma yetu mtu akakohoa, kikohozi kidogo cha adabu. Mshipa ukatulia.

Karani akaita mara ya tatu. Hakimu akavua miwani, akachukua kalamu. Askari wa mlangoni akajiweka sawa.

Nilisimama. Sikupanga kusimama.

"Yupo, mheshimiwa! Ndiye huyu hapa!"

Mahakama nzima ikageuka. Hakimu akanitazama.

"Wewe ni nani?"

"Mkewe, mheshimiwa."

"Bwana," hakimu akamwambia mume wangu, "wewe ndiye uliyeitwa?"

Macho yake yalibaki kwenye lile doa.

"Basi nijibu hili. Huyu mama ni mkeo?"

Mume wangu akasimama. Akakung'uta suruali. Akasema kwa sauti safi, isiyo na chembe ya hasira:

"Mheshimiwa, huyu mama simfahamu."

Niliumia. Sina neno jingine. Nimewahi kuungua na mvuke wa boila mkono mzima, na sikuumia namna ile. Nyuma nikasikia mtu akipumua kwa kuridhika.

Lakini mama mkwe, ambaye sote tulidhani anasinzia, aliyasikia maneno ya mwanawe. Akainuka na pochi yake.

"We Kibogoyo!" akapaza sauti. "Humfahamu nani?"

Kibogoyo ni jina alilompa yeye mwenyewe, mtoto alipong'oka meno ya mbele na mengine yakachelewa kuota. Hakuna anayelitumia ila mama. Profesa hakulijua. Hakuna aliyemfundisha kulikataa.

Mume wangu akageuza shingo yote.

"Naam, mama," akasema.

Watu waliangua kicheko. Hata karani aliinamia faili. Mume wangu akabaki mdomo wazi, kama mtu aliyevuliwa kofia na upepo. Mimi machozi yalinitoka, na kwa kitambo kidogo nikaamini tumeokoka.

Hakimu akangoja watu wanyamaze.

"Vizuri. Sasa nimepata mtu aliyepo," akasema. "Umeidanganya mahakama mbele ya mama yako. Hilo nitalirudia. Nenda kizimbani."

Akaenda. Bi Ukosi akasoma shtaka: ana biashara, ana mapato, kwa miaka kadhaa amekataa kulipa kodi inayotakiwa na sheria. Alisoma bila kupamba. Nilijua anaharakisha makusudi, ili tufike pale pa kuomba.

"Umesikia," hakimu akasema. "Sheria inakuhusu kama inavyonihusu mimi, nami mshahara wangu unakatwa. Kwa hiyo hatutabishana hilo. Nakuuliza mara moja: una ombi lolote?"

Hii ndiyo nafasi ya kuomba ambayo Bi Ukosi aliniambia. Ilikuwa wazi kabisa. Mume wangu akanitazama, na ninawaapia yalikuwa macho yake ya zamani, ya Jumapili ile penye boila. Kisha akatupa jicho nyuma.

Profesa hakuwa anamtazama. Alikuwa anaondoa uzi kwenye mkono wa koti.

"Mheshimiwa," mume wangu akasema, "mimi sina mapato. Dobi si yangu. Ni ya yule mama. Mimi nafunga skrubu tu."

Alilitamka bila kusita, macho yakiwa yamerudi kwenye doa la ukutani. Hilo nalo alikuwa amefundishwa. Nililijua kwa jinsi lilivyotoka likiwa limenyooka.

Mama mkwe akaniuliza amesema nini. Akanishika mkono.

Hakimu akamgeukia Bi Ukosi.

"Upande wa serikali mnaifahamu hiyo dobi?"

Bi Ukosi akasimama. Ukosi wake ulikuwa wima, jinsi nilivyouacha.

"Naifahamu, mheshimiwa."

"Ukipeleka nguo, anazipokea nani?"

"Yule mama."

"Na malipo?"

"Yule mama, mheshimiwa," akasema, akaketi bila kunitazama.

Hakimu akayatazama mabega ya joho lake, moja na jingine. Mimi na yeye tulijua limepigwa pasi na nani.

"Basi kabla sijaamua lolote, nitamsikia yeye," akasema. "Atakula kiapo na kujibu swali moja. Biashara ni ya nani? Akisema ni ya bwana huyu, bwana huyu amenidanganya mara mbili, na leo hatalala kwake. Akisema ni yake, kesi ya mapato hayo itamgeukia yeye. Karani, mwite."

Mnanielewa pale nilipokuwa? Nikisema ya kwake, namtia ndani kwa mdomo wangu, mama yake akiwa amenishika mkono. Nikisema yangu, naingia mimi, na Jumamosi yeye anapanda ghorofani na kupigiwa makofi. Kweli yenyewe ni kwamba dobi ni yetu, tuliijenga pamoja, na hilo halikuwa mojawapo ya majibu aliyoyataja hakimu.

Karani akaniita. Jina langu lote, lile ninalolisikia hospitali tu na nililolisikia siku ya kuolewa.

Nikafungua mdomo niseme "nipo". Neno jepesi. Siku zote hizo nilikuwa namfundisha mtu mzima kulitamka.

Halikutoka.

"Mkwe wangu, unaitwa," mama akaninong'oneza, vidole vyake vimenikaza. "Wewe nawe husikii?"

Karani akaita mara ya pili. Kule kizimbani mume wangu alinitazama. Hakutikisa kichwa, hakukonyeza. Alinyoosha shingo taratibu, akainua kidevu, akatulia, kama fundi anayemwonyesha mwanagenzi. Alikuwa ananisaidia. Kwa moyo wake wote alikuwa ananisaidia.

Karani akavuta pumzi aniite mara ya tatu. Nilikuwa nimekaa palepale, macho yangu kwenye lile doa la ukutani, na shingo yangu haikugeuka.